509: Kisa cha Takwimu Iliyogoma Kusogea

Machi 2020 nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili, nikapiga mistari kwa rula: tarehe, wagonjwa wapya, jumla, waliopona, waliofariki. Safu ya sita niliiandika kwa penseli kwa sababu sikuwa na hakika kama itakuja kujazwa: waliopimwa. Mimi si daktari. Ni mtu wa hesabu za stoo, na mtu wa stoo akiletewa jumla bila stakabadhi mwili humuwasha. Nilitaka kuufuata ugonjwa wa korona hapa Tanzania kama ninavyofuata mzigo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Kaunta buku hiyo bado ninayo. Kurasa za mwezi mmoja na nusu wa mwanzo zimejaa. Kutoka hapo kuna namba moja tu, 509, niliyoirudia mstari baada ya mstari mpaka nikachoka kuiandika, nikawa naweka vistari viwili vya "kama hapo juu". Vistari hivyo vinaendelea zaidi ya mwaka.

Watu wengi wamekwisha kuijadili Tanzania ya wakati ule kwa hasira au kwa utetezi. Mimi nataka kuikagua namba yenyewe: ilitoka wapi, ilimaanisha nini, na iliposimama, wananchi walianza kusoma nini badala yake.

Mwanzo wake haukuwa na kasoro kubwa. Jumatatu ya Machi 16, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza, Mtanzania wa miaka 46 aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) siku moja kabla akitokea Ubelgiji. Shule zikafungwa kesho yake. Machi 31 kikatangazwa kifo cha kwanza, jijini Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Aprili jumla ilikuwa wagonjwa 20, na taarifa za wizara zilikuwa fupi lakini zilikuja. Jioni simu zinaita, mtu anakutumia picha ya karatasi yenye nembo ya Serikali, unaandika. Daladala zilikuwa levo siti, yaani hakuna abiria wa kusimama, ndoo za maji tiririka zilikuwa mlangoni kwa kila duka, na kila mtu kijiweni alijua idadi ya siku ile kama anavyojua matokeo ya Simba na Yanga.

Kisha namba zikaanza kukimbia. Aprili 17 tulikuwa 147. Aprili 20, 254. Aprili 22, 284. Aprili 29 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza 480, waliopona 167 na vifo 16.

Hapo pa kusimama kidogo. Kutoka 147 hadi 284 ni karibu mara mbili, kwa siku tano. Kutoka 284 hadi 480 ni ongezeko la 196 kwa siku saba, yaani kama mara moja na robo tatu hivi. Mtu mwenye haraka atasema kasi ilikuwa imeanza kupungua. Inawezekana. Lakini shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini, na hapa tulipewa kiasi peke yake. Wangapi walipimwa wiki ile ili wapatikane hao 196? Kama walipimwa 400, nusu ya waliopimwa walikuwa nao, na hiyo ni habari ya kutisha. Kama walipimwa 8,000, hadithi ni nyingine kabisa. Safu yangu ya penseli ilikuwa tupu, kwa hiyo sikuweza kujua kama kilichopungua ni maambukizi au ni nafasi ya maabara. Maabara ikishafika ukomo wake wa kupima kwa siku, idadi ya wagonjwa hunyooka juu kama maji kwenye beseni lililojaa: yanamwagika pembeni, wewe unasoma kina kilekile.

Vifo vilinipa kidokezo kidogo. Kumi na sita kwa 480 ni asilimia 3.3. Ishirini na moja kwa 509, jumla iliyofuata, ni asilimia 4.1. Kwa nchi ambayo nusu ya watu wake wana umri wa miaka 18 hivi au chini yake, uwiano huo ni mkubwa, tena ulikuwa unapanda. Ugonjwa haukuwa umegeuka kuwa mkali zaidi ndani ya siku chache. Maelezo rahisi ni kwamba waliokuwa wakipimwa walikuwa zaidi wale waliokwisha kuzidiwa, huku wenye mafua ya kawaida na kikohozi wakibaki nyumbani bila kuhesabiwa.

Sasa hiyo 509. Wengi wanadhani ni idadi ya wagonjwa wa Tanzania ya tarehe fulani. Sivyo. Afya si jambo la Muungano. Bara ina wizara yake na Zanzibar yake, na kila upande ulikuwa ukitoa taarifa yake. Taarifa ya mwisho ya Bara ni ile ya Aprili 29. Zanzibar iliendelea kidogo, na Mei 7 ikaongeza wagonjwa 29. Waliokuwa wanajumlisha takwimu za dunia wakachukua 480, wakaongeza 29, wakapata 509, waliopona 183, vifo 21. Kwa lugha ya stoo, hayo ni makabati mawili yaliyohesabiwa siku mbili tofauti, yakaandikiwa risiti moja. Wagonjwa wa Bara wa kati ya Aprili 30 na Mei 7 hawamo ndani yake hata mmoja. Namba hiyo ilikuwa imepitwa na wakati siku ileile ilipozaliwa, na ndiyo iliyokaa kwenye majedwali ya kimataifa mpaka Julai 2021.

Katikati ya Aprili 29 na Mei 7 ndipo papai lilipoingia.

Jumapili ya Mei 3, Rais John Magufuli, akiwa Chato kumwapisha waziri mpya wa Katiba na Sheria, alieleza kwamba vyombo vyake vilipeleka maabara ya taifa sampuli za vitu visivyo binadamu, vikiwa vimepewa majina na umri wa watu. Papai, mbuzi na kware, alisema, vilirudi na majibu kwamba vina korona. Oili ya gari haikuwa nayo. Kesho yake mkurugenzi wa maabara na msimamizi wa ubora wakasimamishwa kazi ili uchunguzi ufanyike.

Nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawapendi kulisikia: wazo la kumjaribu mpimaji bila yeye kujua ni wazo zuri. Ukaguzi wowote wa maana una kitu cha namna hiyo. Kipimo cha PCR hakimtambui mtu wala papai. Kinatafuta kipande cha vinasaba vya kirusi, na kikikiona kinasema kimekiona. Papai likirudi na jibu la ndiyo, kuna njia chache: mkono uliochukua sampuli ulikuwa na kirusi, vichupa vilichanganywa, au meza ya maabara yenyewe ilikuwa imechafuka. Ndiyo maana kila mzunguko wa upimaji unatakiwa kuwa na sampuli inayojulikana haina kitu. Hiyo ikiwaka, mzunguko mzima unafutwa na kurudiwa. Kwa hiyo swali lililoulizwa Chato lilikuwa halali. Mkuu wa Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, John Nkengasong, alijibu siku chache baadaye kwamba vipimo vilivyosambazwa vimehakikiwa na vinafanya kazi, na majibizano yakaishia hapo.

Kasoro iko kwenye hatua iliyofuata. Hatukuambiwa sampuli za namna hiyo zilikuwa ngapi kwa jumla, zilizorudi na majibu ya uongo ngapi, na kabla ya kufika maabara zilishikwa na nani. Bila hayo, huwezi kukata chochote kutoka kwenye 480: labda uondoe watu watano, labda mia mbili. Tena kosa la aina hiyo linaelekea upande mmoja. Linaweza kumgeuza mzima kuwa mgonjwa kwenye karatasi, lakini haliwezi kumlaza mtu wodini akitafuta pumzi. Muuza nyama akigundua mzani wake unaongeza nusu kilo, anautengeneza na kupima upya. Hapa mzani ulitengenezwa kweli. Kabla Mei haijaisha wizara ilitangaza kwamba upimaji umehamia maabara mpya ya Mabibo, yenye uwezo wa sampuli 1,800 kwa saa 24, wakati ya zamani ilikuwa na uwezo wa 300. Uwezo wa kupima ukawa mara sita. Taarifa ya majibu haikurudi. Kwa mtu anayefuata takwimu hilo ndilo fumbo kubwa kuliko papai: baada ya Mei 2020 mtu aliyehitaji cheti cha kusafiria alipimwa na kupewa majibu yake, kwa hiyo idadi ilikuwepo kwenye faili fulani. Iliyokosekana ni ya kwetu sisi kuisoma.

Mei 17, tena Chato, safari hii kanisani, Rais alitoa takwimu za aina nyingine, na hizi naziheshimu kuliko watu wengi wanavyoziheshimu. Alitaja wagonjwa waliolazwa, hospitali kwa hospitali. Amana, iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya wagonjwa wa korona Dar es Salaam, alisema ilifikisha wagonjwa 198 na sasa wamebaki 12.

Idadi ya waliolazwa ni kipimo kigumu kudanganywa na maabara. Kitanda kina mtu au hakina. Wanaofuata mwenendo wa magonjwa duniani huipenda kwa sababu hiyo, ingawa huchelewa wiki moja hivi au mbili nyuma ya maambukizi yenyewe. Sina sababu ya kusema 12 ile ilitungwa. Siku nne kabla, Mei 13, ubalozi wa Marekani ulikuwa umewaonya raia wake kwamba hospitali nyingi za Dar es Salaam zilielemewa wiki za karibuni. Watu walizishika taarifa hizo mbili kama fimbo za kupigania. Mimi nikizipanga kwenye mstari wa tarehe naona zinaweza kuwa kweli zote: wimbi lilipanda mwishoni mwa Aprili, likajaza wodi, likaanza kushuka Mei.

Ila kitanda kikiwa tupu kina sababu zaidi ya moja. Mgonjwa ametoka amepona. Mgonjwa amefariki. Mgonjwa hajaletwa kwa sababu kuingia Amana kulitaka jibu la kipimo, na kipimo kimesimama. Au mgonjwa amekataa kuja, na hapa kila aliyekuwa Dar wakati ule anakumbuka: habari kwamba ukiingia Amana utazikwa usiku na watu waliovaa mavazi meupe, ndugu wakiwa mbali, zilitembea haraka kuliko taarifa yoyote ya wizara. Watu walibaki nyumbani na nyungu. Walijifukiza kwa mwarobaini, mchaichai na malimau, wengi wakapona, kama ambavyo wengi wangepona hata bila nyungu. Kutoka 198 hadi 12 kungeeleweka vizuri kama tungekuwa pia na idadi ya walioruhusiwa na idadi ya waliofia wodini. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Tulipewa kilichobaki. Mwanzoni mwa Juni Rais akatangaza nchi haina tena korona, shule zote zikafunguliwa Juni 29, na nchi ikaelekea kwenye kampeni za uchaguzi wa Oktoba, viwanja vikifurika.

Julai 2020 zikaja pia kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza bila idhini ya mamlaka husika. Kaunta buku yangu haikuwa mtandaoni, nikaendelea na vistari vyangu viwili.

Lakini ugonjwa ulikuwa unahesabiwa mahali pengine. Ukiziba dirisha la mbele, utamwona mgeni wako kupitia dirisha la jirani.

Dirisha la kwanza lilikuwa mipakani. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Machi 13, 2020, na Waziri wa Afya Mutahi Kagwe na wasaidizi wake wakawa wanasimama mbele ya kamera karibu kila siku. Taarifa yao ilikuwa na umbo lisilobadilika: sampuli kadhaa zimepimwa ndani ya saa 24, kadhaa zimethibitishwa, kaunti kwa kaunti, kadhaa wamelazwa, kadhaa wanauguzwa nyumbani, kadhaa wako chumba cha wagonjwa mahututi, kadhaa kwenye oksijeni. Asili na kiasi, pamoja. Mei 2020 taarifa hiyo ikaanza kuwataja madereva wa malori waliopimwa Namanga. Zambia nayo ikaona jambo kama hilo Nakonde, mji unaopakana na Tunduma: kati ya wagonjwa wapya 85 waliotangazwa siku moja, 76 walitoka hapo. Zambia ikafunga mpaka ule kwa muda. Mei 16 Rais Uhuru Kenyatta akafunga mpaka wa Kenya na Tanzania na ule wa Somalia, isipokuwa kwa mizigo.

Vita vya madereva vikawa vya kisiasa haraka. Viongozi wa Mkoa wa Arusha wakasema madereva waliokutwa na korona upande wa Kenya wamepimwa upya wakakutwa hawana. Uganda nayo ikaamua kuwaondoa madereva wa kigeni kwenye jumla yake. Mchukue dereva mmoja wa Kitanzania aliyekutwa na virusi mpakani: Kenya inamrudisha, Uganda ingemfuta, Tanzania haitangazi. Anaumwa, ila hayumo kwenye daftari la nchi yoyote. Nimewahi kuona mzigo wa transiti uliopotea hivyohivyo, kila bandari ikionyesha stakabadhi kwamba ulikwisha kutoka kwake.

Tuwe waangalifu hata hivyo. Madereva si sampuli ya wananchi. Wanalala kwenye vituo vilevile, wanakula kwenye migahawa ileile, wanakutana na watu wa nchi nne kwa wiki. Wingi wa maambukizi kwao hauwezi kuchukuliwa mzimamzima ukapachikwa kwa mkulima wa Songea. Ulichoweza kusema kwa uhakika ni hiki tu: upande wanakotoka, kirusi bado kinatembea. Hiyo ilitosha kuikanusha 509 kama namba hai, haikutosha kuleta nyingine badala yake.

Dirisha la pili lilikuwa uwanja wa ndege, na mimi naliona ndilo zito kuliko yote. Februari 2021 Waziri wa Afya wa Oman alisema asilimia 18 ya wasafiri waliofika huko kutoka Tanzania walikutwa na korona. Mwishoni mwa mwezi Oman ikasitisha kwa muda kuwapokea wasafiri kutoka nchi kumi, Tanzania ikiwemo. Mtu wa Zanzibar hahitaji kuelezwa Muscat, mji mkuu wa Oman, ni nini. Wasafiri wale hawakuwa watalii tu, walikuwa shangazi na wajomba.

Pima uzito wa 18 hiyo. Mtu anayepanda ndege anajiona ana nguvu za kusafiri, kwa hiyo waliolala hoi wameshajitoa wenyewe kwenye hesabu. Ukichukua watu wanaojiona wazima na karibu mmoja kati ya watano anakutwa na kirusi, hilo si wingu dogo. Upande mwingine wa mzani, wasafiri wa Oman wanatoka zaidi mijini, Dar na Unguja, wanakaa kwenye foleni na vyumba vya kungojea, na hawawakilishi Sumbawanga. Hata hivyo hii ilikuwa takwimu ya kwanza kuhusu Tanzania, baada ya miezi tisa, iliyokuwa na asili chini yake: waliofika, na kati yao waliokutwa. Kwamba ilipatikana kilomita maelfu kutoka hapa, kwenye uwanja wa watu wengine, nililiandika pembeni ya ukurasa. Mwezi huohuo wasafiri watatu kutoka Tanzania walikutwa Angola na aina ya kirusi yenye mabadiliko mengi kuliko yaliyokuwa yameonekana hadi wakati ule. Na Februari 20 mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatoa tamko kuiomba Tanzania ianze kutoa taarifa.

Dirisha la tatu lilikuwa letu wenyewe, nalo ni tanzia.

Kuanzia Januari 2021 simu zetu ziligeuka ubao wa misiba. Lugha nayo ilibadilika: hakuna aliyekufa kwa korona, watu walifariki kwa nimonia, au kwa "changamoto ya upumuaji". Maneno hayo mawili yalienea mpaka yakawa jina kamili la ugonjwa, na kila mtu alielewa bila kuelezwa. Kwa mfuata takwimu, jina likibadilika safu nzima inahama. Ukitafuta vifo vya korona hupati kitu, ukitafuta changamoto ya upumuaji unapata nusu ya kikundi chako cha WhatsApp.

Januari 31 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, amelazwa na kwamba ameambukizwa korona. Alifariki Februari 17, Muhimbili. Siku hiyohiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi, mjini Dodoma. Februari 22 akafuata Profesa Benno Ndulu, aliyewahi kuwa gavana wa Benki Kuu. Sidai kujua kilichowaua hao wawili wa mwisho, haikutangazwa. Nawataja kwa sababu ndiyo orodha ambayo wananchi walikuwa wakiisoma, na orodha ya namna hiyo ina mtego wake. Wazee mashuhuri hufariki kila mwaka. Ukishaanza kuwahesabu, kila msiba unaingia kwenye hesabu, hata wa presha na wa kisukari, na hakuna anayekumbuka misiba mingapi ya namna hiyo ilitokea Februari ya mwaka uliotangulia. Tena wakubwa wana umri mkubwa, wanakutana vikaoni, na vifo vyao hutangazwa. Mama ntilie wa Manzese hana tanzia yenye picha.

Takwimu bora ya msimu ule ilitoka kanisani. Mwanzoni mwa Machi, Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alisema ndani ya miezi miwili wamefariki mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60, waliokuwa na shida ya kupumua. Hapo mtu wa stoo anakaa wima. Kanisa linajua lina mapadre wangapi, kwa majina, jimbo kwa jimbo. Linajua mwaka wa kawaida huzika wangapi. Hakuhitajiki maabara kugundua kwamba miezi miwili imekula zaidi ya inavyokula siku zote. Hiyo ndiyo njia ambayo nchi zenye usajili mzuri wa vifo zilitumia kupima ukubwa wa janga: unahesabu vifo vyote, kwa sababu yoyote ile, unatoa vya kawaida, kinachobaki ndicho janga lilichochukua. Kwetu haikuwezekana kwa taifa zima. Vifo vingi hutokea nyumbani, ndugu huzika kijijini, na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa Serikali wa usajili, hutafutwa baadaye kama kuna mirathi au mafao ya kudai. Kitabu cha masista kilikuwa kamili kuliko kitabu cha nchi.

Machi 17, 2021 Rais Magufuli alifariki. Ilitangazwa kuwa ni maradhi ya moyo. Machi 19 Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Aprili aliahidi kuunda kamati ya wataalamu, na Mei 17 kamati hiyo, chini ya Profesa Said Aboud, ikampa mapendekezo: takwimu zitolewe, chanjo ziletwe kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Hata jina likarudi, safari hii likiwa limevaa suti ya Kiswahili: UVIKO-19.

Juni 28, akizungumza na wahariri, Rais Samia alitaja namba. Wagonjwa zaidi ya 100, kati yao kama 70 wako kwenye oksijeni. Nilifungua kaunta buku ile usiku uleule. Siku kumi hivi baadaye Waziri wa Afya Dorothy Gwajima akasema hadi Julai 8 kulikuwa na wagonjwa 408, na 284 kati yao walihitaji oksijeni.

Watu walishangilia, na kwa haki. Lakini fanya hesabu ndogo. Sabini kwa mia ni asilimia 70. Mia mbili themanini na nne kwa 408 ni asilimia 69.6. Wagonjwa wameongezeka mara nne, uwiano wa wanaohitaji oksijeni haujasogea hata asilimia moja. Kwenye taarifa za Kenya wengi wa waliothibitishwa walikuwa wanauguzwa nyumbani na wa oksijeni walikuwa sehemu ndogo. Hakuna kirusi kinachompeleka kwenye mtungi kila watu saba kati ya kumi kinaowagusa. Kwa hiyo 408 haikuwa idadi ya wenye UVIKO Tanzania. Ilikuwa idadi ya waliofika hospitali wakiwa hawapumui vizuri, wakapimwa kwa sababu hiyo. Kipimo kilikuwa kinafuata mtungi wa oksijeni. Ukilijua hilo, namba inakuwa na manufaa makubwa: inakuambia mahitaji ya mitungi yameongezeka mara nne ndani ya siku kumi, na kwa meneja wa hospitali hiyo inatosha kuamka nayo. Ukilisahau, unadhani taifa la watu milioni 60 hivi lina wagonjwa 408.

Wakenya nao wasituringie sana. Wao walikuwa na asili na kiasi kila siku, mpaka masikio yakachoka. Ila Machi 26, 2021, Rais Kenyatta alipozifunga kaunti tano, Nairobi ikiwa mojawapo, alisimama juu ya namba ambayo mtu yeyote angeweza kuifuatilia nyuma: kiwango cha waliokutwa na virusi kati ya waliopimwa kilitoka kama asilimia 2 Januari hadi 22 Machi. Wenye biashara walimpinga, wengine kwa ukali, lakini walibishana naye juu ya uamuzi. Sisi mwezi uleule tulikuwa bado tunabishana kama ugonjwa upo.

Julai 24, 2021 zilifika dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, na Julai 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Jumla za Tanzania zikaanza kusogea kwenye majedwali ya dunia, kwa kusuasua: 1,367 na vifo 50, zikakaa hapo wiki kadhaa. Kisha Oktoba, kwa mkupuo, zikaruka kupita 25,000, na vifo kupita 700.

Ukifungua leo mchoro wa maambukizi ya Tanzania utaona mstari uliolala chini toka Mei 2020, unapita Februari 2021 bila kuinua hata kichwa, halafu Oktoba 2021 unasimama nguzo moja ndefu kama mnara wa simu. Mwanafunzi atakayezaliwa baadaye ataitazama nguzo ile na kuandika kwenye insha yake kwamba Oktoba ndio mwezi mbaya kuliko yote. Oktoba ile mimi nilikuwepo. Ndoo za maji tiririka zilikuwa zimeshakauka, harusi zinafungwa kila Jumamosi. Nguzo ile ni mafaili ya miezi iliyopita yaliyoingizwa kwenye mfumo kwa pamoja.

Nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni ya mstari huo: "marejesho ya nyuma, si wagonjwa wa siku." Kisha nikarudi kurasa nyingi, mpaka Februari 2021, penye vistari vyangu viwili vya "kama hapo juu", nikavikata kimoja kimoja.